Nilipojenga korti uani kwangu

Mama yangu alipopata habari kwamba ninajenga korti nyumbani, alinipigia simu usiku akaniuliza ni nani aliyenishtaki. Habari hizo alikuwa amezipata kwa binti yangu wa miaka 12, ambaye kwa furaha aliyokuwa nayo hakuona haja ya kufafanua. Kwa mama, ambaye ameishi Vihiga maisha yake yote na kulisikia neno hilo likitajwa pamoja na mipaka ya mashamba, korti ni mahali pa hakimu na karani, wala si mahali pa watoto kudundia mpira. Ilinichukua muda kumweleza kwamba hapakuwa na kesi wala wakili. Nilikuwa nikimjengea mjukuu wake kiwanja kidogo cha mpira wa vikapu nyuma ya nyumba yetu huku Kitengela. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililonichoma kuliko lile la kwanza: "Sasa mboga mtapanda wapi, mwanangu?"

Nikiwa mwalimu wa isimu, siwezi kulipita neno kama hilo bila kusimama. Kiingereza kina neno moja tu kwa baraza la hakimu, kwa jumba la mfalme na kwa sakafu ya kuchezea; na ukilifuata neno hilo nyuma, kupitia Kifaransa cha kale hadi Kilatini, unalikuta likiwa na maana ya eneo la nyumbani lililozungushiwa ua. Yaani ua kama huu wetu, ambao wingi wake ni nyua. Kiswahili kilipolikopa kilichukua maana ya sheria peke yake, kikaziacha nyingine bandarini. Kwa upande wa michezo tulikuwa na uwanja na kiwanja, na magazeti ya Kenya yakalipendelea neno uga. Lakini maneno hayo yote humletea msikilizaji picha ya nyasi, vumbi na magoli mawili. Fundi niliyemwita hakulitumia hata moja. Alisema korti, binti yangu akasema korti, nami mwenye shahada tatu nikajikuta nimeshindwa kwa wingi wa kura. Hata jina la mchezo wenyewe lina mgogoro: sisi Wakenya husema mpira wa vikapu, ilhali ndugu zetu wa Tanzania husema mpira wa kikapu. Maadamu nyumbani kwangu pangekuwa na kikapu kimoja tu, niliona kwamba Watanzania walikuwa wamenitangulia kwa hekima.

Nilijiliwaza kwa neno uani. Katika nyumba za kale za Waswahili wa pwani, uani ni kule nyuma, penye ukuta, ambako wanawake walipika, wakatwanga na kuzungumza pasipo kuonwa na wapita njia. Ni mahali pa faragha. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunitatiza baadaye, saruji ilipokwisha kukauka.

Msomaji atauliza ni kitu gani kilichomsukuma mtu wa vitabu aanze kuchimba uani kwake. Tulipohamia mtaa huu mwaka wa 2014 palikuwa na kiwanja wazi mwendo wa dakika tatu kutoka kwetu. Dalali aliyetuuzia ploti alikuwa ametuonyesha kiwanja hicho kwa kidole na kutuhakikishia kwamba ni cha umma, kwamba watoto wetu wangecheza pale hadi waoe na kuolewa. Kila jioni pale palikuwa na kandanda, kamba, na mbuzi wawili watatu wa kutoka ng'ambo ya pili ya barabara. Asubuhi moja tuliamka tukakuta vikingi na seng'enge. Mwezi uliofuata ukaja ukuta wa mawe. Leo pana majumba mawili ya orofa nne, na aliyeyajenga hatumjui kwa sura. Sisi wakazi tuliandika barua moja, tukafanya mkutano mmoja, tukarudi makwetu kutazama taarifa ya habari. Watoto ndio waliohama: wakaingia barabarani, miongoni mwa bodaboda na malori ya maji. Mvulana mmoja wa darasa la tano alivunjwa mguu akiufuata mpira. Wiki hiyo ndipo nilipomwambia mke wangu kwamba vitunguu vyake na sukuma wiki vingelazimika kutupisha.

Kiwanja kamili cha mpira wa vikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ploti yetu ni ile ya kawaida, futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Kwa hivyo kiwanja kamili kingemeza sebule, vyumba vya kulala na lango, kisha kibakishe ukanda wa kuanikia nguo. Nilipima, nikapima tena, nikapata nafasi ya mita 9 kwa 7. Ni padogo, lakini panatosha kwa yale yaliyo ya lazima: pete iliyo mita 3.05 kutoka chini, na mstari wa mitupo ya adhabu ulio mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Kimo hicho cha pete, ambacho ni futi 10 kamili, hakina siri yoyote ya kisayansi. Mwaka wa 1891 mwalimu James Naismith, aliyeubuni mchezo huu huko Springfield, Marekani, alitundika vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wake, na ukingo huo ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni. Dunia nzima ingali inairukia roshani hiyo.

Mahali pa kuusimamisha mlingoti nilipachagua kwa kulitazama jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza mashariki na kutua magharibi mwaka mzima pasipo kuyumba sana, na mchezaji anayeielekea pete ya magharibi saa kumi na moja jioni hutupa mpira akiwa kipofu. Kwa sababu hiyo kiwanja kinalala kaskazini kwa kusini, na pete iko upande wa kusini.

Kazi yenyewe iko ardhini. Kitengela ina udongo mweusi unaonata, ule unaovimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi hadi ukaweza kuingiza mkono katika nyufa zake. Sakafu ikimwagwa juu ya udongo huo huinuliwa na kuangushwa kila msimu kama jahazi. Mimi, kwa ubahili uliovaa joho la usomi, nilitaka tuchimbe futi moja tu. Fundi wangu, mzee wa makamo ambaye hakupita darasa la nane, aliliegemea sepetu lake akanitazama kwa huruma. "Daktari," akasema, "udongo huu hausamehe. Ukiuficha utatoka." Tulichimba hadi tulipoukuta ule mgumu wa chini. Tukajaza mawe, tukashindilia. Tukamwaga maramu kwa tabaka, kila tabaka likanyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine. Siku tano nzima zilipita kabla hatujafungua mfuko hata mmoja wa saruji, na majirani wakaanza kuuliza kama ninachimba kisima.

Zege letu lilikuwa na unene wa sentimita 10, juu ya wavu wa chuma. Kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Kwa eneo la mita 9 kwa 7 hiyo ni mita za ujazo 6.3, na mifuko 40 hivi ya kilo 50. Fundi alitumia kamba na pimamaji kuipa sakafu mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba, mwinamo ambao jicho halioni lakini maji hayakosi kuuona. Kisha akatuamuru tuimwagilie sakafu kwa siku saba mfululizo na kuifunika magunia, maana zege halikauki tu kama tope. Linahitaji maji ili ligande na kupata nguvu. Katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa lori, agizo hilo lilimfanya mke wangu anitazame namna ambayo sitaieleza hapa.

Kosa moja nilifanya, nalo ni langu peke yangu. Fundi alitaka kuikata sakafu mistari ya kuigawa vipande, ili zege litakapojikunja lipasukie mahali palipoandaliwa. Mashine ya kukatia ilikuwa ya kukodi, na fedha zilikuwa zimekwisha. Nikasema iachwe. Mwezi wa pili ufa mwembamba ulijitokeza, ukaanzia pembeni karibu na bomba la maji, ukapita katikati ya kiwanja kwa mshazari, na kwishia chini ya pete. Binti yangu ameupa jina la mto. Fundi alikuja kuutazama, akatikisa kichwa, wala hakusema lolote, jambo ambalo lilikuwa adhabu tosha.

Ubao ulipowekwa na mistari ya upana wa sentimita 5 kupakwa rangi nyeupe, niliketi kwenye ngazi za jikoni nikamtazama mwanangu akitupa mpira. Nilijiona mzazi aliyetimiza wajibu. Alitupa siku ya kwanza mpaka giza likaingia. Siku ya pili vivyo hivyo. Baada ya majuma mawili nikawa ninaukuta mpira chini ya meza ya sebuleni na mtoto kitandani na simu ya mamake. Nilimuuliza kulikoni. Akanijibu pasipo kuinua macho: "Baba, pale hakuna wa kuninyang'anya."

Nilikwenda kulala na sentensi hiyo. Nilikuwa nimejenga sakafu, mlingoti, ubao na pete, nikadhani nimejenga mchezo. Mchezo ulikuwa upande wa pili wa ukuta, nao niliujua kwa sura, kwa sababu kila jioni palikuwa na vichwa vitatu vinne vilivyochungulia juu ya matofali, na miguu iliyoparuza ukuta kutafuta pa kukanyaga. Nilikuwa nimevikemea vichwa hivyo mara mbili. Sasa nilijiuliza tofauti yangu na yule mwenye seng'enge. Yeye aliwafungia watoto nje ya kiwanja ambacho tuliamini ni chao. Mimi nilimfungia mmoja ndani ya kilicho chetu. Sisemi kwamba mizani ni sawa, kwa kuwa mimi nina hati na sikudhulumu mtu. Lakini kwa mtoto aliyening'inia ukutani ukuta ni ukuta, nao ule wa mawe na huu wa matofali vyote vina mwenyewe.

Kufungua lango si neno dogo, na wanaolisema kwa wepesi hawana lango. Je, mtoto wa watu akianguka kwenye zege na kuvunja mkono? Je, vitu vikianza kupotea uani? Mke wangu aliniuliza maswali hayo yote, kisha akaongeza moja ambalo sikuwa nimelifikiria: jirani yetu wa upande wa mashariki ni muuguzi wa zamu za usiku. Hulala mchana. Mpira mmoja unaodundwa na mtoto mmoja alikuwa ameuvumilia. Mpira unaogombewa na watoto wanane je? Nilikwenda kwake kubisha hodi nikiwa nimejiandaa kwa hotuba. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba huamka saa tisa na nusu, na kwamba kabla ya saa kumi asingependa kusikia hata sindano ikianguka. Kwa hivyo saa ikawekwa: saa kumi hadi saa kumi na mbili, na Jumapili baada ya saa nane kwa kuwa siku hiyo hayuko kazini. Wazazi nao walikuja mmoja mmoja kukubaliana nasi. Anayetaka mtoto wake aje, huja kwanza yeye mwenyewe.

Walikuja. Na hapa nikajifunza jambo ambalo walimu wenzangu walikwisha kulijua zamani. Kabla ya wiki moja kwisha, wavulana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamekimiliki kiwanja chote, na binti yangu pamoja na wenzake watatu walikuwa wamesimama kando ya mstari, kila mmoja amekumbatia mikono yake, wakitazama. Nilikuwa nimemjengea mtoto kiwanja mara ya pili, naye akakikosa mara ya pili. Mimi nilitaka kuwafukuza wavulana. Mke wangu, ambaye amefundisha shule ya msingi kwa miaka 18 na hahitaji nadharia, aliugawa muda kwa chaki juu ya ukuta: siku tatu za wasichana na wadogo, siku tatu za wakubwa, na Jumapili mchanganyiko ambapo kila timu lazima iwe na wasichana wawili, nao lazima waguse mpira kabla ya mtupo kuhesabiwa. Wavulana walilalamika kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimsikia mmoja wao akimfokea mwenzake: "Mpe pasi, si unataka ihesabiwe?" Fundi alirudi kutoboa mashimo mengine kwenye mlingoti, ili pete iweze kushushwa hadi mita 2.6, kimo kinachotumiwa katika mchezo wa vikapu wa watoto.

Sasa niwageukie walimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeipa michezo cheo ambacho mfumo wa 8-4-4 haukuipa: mwanafunzi wa sekondari ya juu anaweza kuufuata mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mkondo huhitaji mahali pa kupitia. Nimetembelea shule, za umma na za binafsi, nikisimamia wanafunzi wangu wa ualimu wanapofanya mazoezi ya kufundisha. Nimeziona shule zilizo katika majumba ya kupangisha, ambamo kipindi cha michezo hufanyiwa kwenye maegesho ya magari kati ya gari la mwalimu mkuu na matangi ya maji. Nimeyaona pia makosa yetu sisi wenyewe: kipindi kimeandikwa kwenye ratiba ukutani, kiwanja kipo, na hisabati imekila kipindi tangu wiki ya kwanza ya muhula. Mwanagenzi mmoja aliponiuliza afanye nini mwalimu mkuu anapomwamuru afundishe sarufi saa hiyo ya michezo, nilimjibu kwa maneno mengi ya hekima ambayo kiini chake kilikuwa kwamba afundishe sarufi. Jibu hilo halinifurahishi hadi leo.

Viwanja vyenyewe navyo vina maadui. Ripoti ya mwaka wa 2004 ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u ilitueleza kinagaubaga jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwamo, ilivyogawiwa watu binafsi. Januari ya 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliusukuma ukuta uliokuwa umewatenga na kiwanja chao, nao wakarushiwa vitoa machozi. Watoto wa shule ya msingi, katika sare zao. Ukuta ulianguka na kiwanja kikarudishwa, lakini mimi hujiuliza ni shule ngapi zilizopoteza viwanja vyake kimyakimya, pasipo mpiga picha yeyote kuwapo. Nilipokuwa mvulana shuleni Vihiga, katika wilaya isiyo na nafasi ya kugeuza jembe, kiwanja cha shule kilikuwa kikubwa kuliko shamba la mzazi yeyote, na hakuna aliyethubutu kukipandia hata mstari mmoja wa mahindi. Ng'ombe walilishwa pale, ndiyo, na goli moja lilikuwa juu kuliko jingine. Ila kilikuwa chetu.

Kiwanja changu cha mita 9 kwa 7 hakiwezi kujaza pengo hilo. Kinatosha watoto sita kwa wakati mmoja. Nimehesabu 31 mtaani kwetu walio na umri wa kucheza. Wazazi wanaonijia siku hizi kuniuliza bei ya saruji nao wajenge makwao ninawapa vipimo vyote nilivyoviandika hapa, pamoja na onyo la kukata sakafu. Halafu ninawaomba kitu kimoja zaidi: saini yao. Katika mchoro wa mtaa, ambao hatimaye tulikwenda kuuona wenyewe badala ya kumtegemea dalali, kuna kipande kingine kilichotengewa umma karibu na mto, ambacho hakijaguswa. Barua yetu ya sasa ina nakala za kumbukumbu na majina mengi kuliko ile ya kwanza, na safari hii hatukurudi makwetu kutazama taarifa ya habari. Tunaifuata kila mwezi.

Swali la mama kuhusu mboga lilibaki bila jibu hadi mvua ilipokuja. Sakafu ya mita mraba 63 ikinyeshewa milimita 30 hukusanya karibu lita 1,900 za maji, na kwa sababu ya ule mwinamo wa fundi maji hayo yote hukimbilia kona moja. Tulichimba mtaro mfupi, tukazika tangi. Sukuma wiki sasa imepandwa katika magunia yaliyosimamishwa kando ya ukuta, naye mke wangu amekubali kunisemesha kuhusu lile jambo la kumwagilia zege.

Mama mwenyewe alikuja kututembelea likizo ya Agosti, na gunia la maharagwe mabichi kutoka shambani. Asubuhi ya kwanza alitoka uani, akaizunguka sakafu yote kwa miguu mitupu, akaigusa kwa kiganja jua lilipokwisha kuipasha moto. Akaniambia kwamba kumbe nilikuwa na akili, ila nilikuwa nimeiita jina baya. Saa kumi jioni wavulana walipoingia langoni na mpira wao, maharagwe yalikuwa yametandazwa kuanzia chini ya pete hadi mstari wa mitupo ya adhabu, na katikati yake, juu ya kigoda, ameketi bibi mwenye ufito mkononi. Mmoja wao alimsalimu kwa adabu, akamuuliza kama angeweza kuyasogeza kidogo.

"Hii ni korti," mama akamjibu. "Ngojeni mniletee kesi yenu yanapokauka."

Walikaa ukutani wakangoja. Mwishowe binti yangu akaleta ufagio, akayasukuma maharagwe hadi ng'ambo ya pili ya ule ufa anaouita mto, na nusu ya kiwanja ikabaki wazi.